Vitu vimejaa sokoni, nami narudi nyumbani mikono mitupu

SWALI

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke mwenye ndoa na watoto watatu. Naishi Uyole, jijini Mbeya, na nimeajiriwa katika ofisi ya umma. Nilizaliwa na kukulia katika kijiji kimoja cha Makete, ambako duka lilikuwa moja, sabuni ya kufulia ya aina moja, na mbegu ya mahindi ilikuwa ile ambayo bibi aliitundika juu ya jiko ili moshi uikinge na wadudu. Hakuna aliyeulizwa anataka ipi. Leo naishi mahali ambapo kila kitu kipo, lakini kuchukua kimoja na kuondoka nacho kumekuwa kazi inayonishinda.

Jumamosi huwa nakwenda soko la Mwanjelwa kununua mchele. Muuzaji mmoja ana wa Kyela, wa Mbarali na wa Kamsamba, na kila mmoja una daraja la kwanza na la pili, mpya na wa zamani, bei zikipishana kwa shilingi mia au mia mbili kwa kilo. Natafuna punje, naunusa, nauliza kama haujachanganywa, kisha nawaza kwamba huenda soko la Soweto ni nafuu zaidi, nami naondoka. Nikifika Soweto nakuta mzuri kuliko ule, ila bei iko juu kidogo, na hapo nakumbuka kwamba yule wa kwanza alikuwa tayari kupunguza. Mara nyingi jua huzama kabla sijanunua, na watoto walioahidiwa wali wanakula ugali. Hata kifurushi cha simu kinanitesa. Naingia kwenye menyu ya siku, ya wiki, ya mwezi, nalinganisha dakika na MB, narudi nyuma, na wakati mwingine nafunga simu bila kununua chochote.

Mwaka huu kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilinipa kazi ya kuchagua kitenge cha sare kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa mwenzetu. Niliwaomba wauzaji picha, zikaja nyingi, nikazituma zote kwenye kundi letu la WhatsApp nikiamini kwamba kufanya hivyo ndiko kuwatendea haki wenzangu. Kila mmoja akapenda chake. Siku ya ibada ilifika hatujakubaliana, tukaingia kanisani kila mtu na nguo yake, na wapo ambao hadi leo salamu zao kwangu ni za shingo upande.

Lakini lililonifanya niandike ni shamba. Tuna ekari mbili si mbali na nyumbani. Msimu uliopita mvua zilianza mimi bado nazunguka kwenye maduka ya pembejeo, kwa sababu kila mwenye duka alisifia mfuko wake na kunitia shaka juu ya ule niliouona kwa mwenzake. Nilipopanda, mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini. Tulivuna kidogo sana. Mume wangu hakunigombeza wakati ule, ila siku hizi kila nikisimama mbele ya bidhaa ananiambia, tena mbele ya watoto, kwamba mchagua nazi hupata koroma, na kwamba nichukue chochote kilicho karibu twende zetu. Inaniuma, kwa sababu sichagui kwa kujivuna. Naogopa kupoteza fedha kidogo tuliyo nayo.

Je, huu ni ugonjwa? Nifanye nini ili msimu huu nisichelewe tena kupanda? Na mume wangu nimjibu nini?

Aliyechoka Kuchagua,
Uyole, Mbeya.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla ya yote nataka ujue kwamba sioni ndani yake uvivu wala kiburi. Naona mama anayetunza fedha ya familia kwa uchungu, ambaye ameingia katika maisha yenye wingi wa vitu bila mtu yeyote kumfundisha namna ya kuishi nao. Wazazi wetu walitufundisha kuvumilia uhaba, na walikuwa na sababu, kwani uhaba ndio waliouishi.

Sisi tuliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunakumbuka foleni za sukari, sabuni na mafuta ya taa kwenye maduka ya ushirika na ya RTC, yaani kampuni za biashara za mikoa, na tunakumbuka kwamba kitenge kilipoletwa ulichukua kilichokuwapo, hata kama rangi yake hukuipenda. Hali ilianza kubadilika mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na tangu hapo maduka yamekuwa yakijaa mwaka hadi mwaka. Sitamani hata kidogo turudi nyuma. Anayesema maisha yalikuwa mepesi kwa kuwa hapakuwa na cha kuchagua amewasahau akina mama waliofua nepi za watoto wachanga kwa majani ya mpapai. Kwa hiyo sitakushauri uuchukie wingi huu, wala ukitamani kile kijiji chenye duka moja.

Hata hivyo, usumbufu unaoueleza ni wa kweli, na wataalamu wameuchunguza. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Marekani, Sheena Iyengar na Mark Lepper, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika duka moja la vyakula huko California. Waliweka meza ya kuonjesha jamu, saa nyingine ikiwa na aina 24, saa nyingine aina 6 tu. Meza yenye aina 24 ilivutia watu wengi zaidi, kwani asilimia 60 ya waliopita walisimama, ilhali kwenye meza ya aina 6 walisimama asilimia 40. Lakini ulipofika wakati wa kununua, kati ya waliosimama kwenye aina 6 walionunua walikuwa asilimia 30, na kwenye aina 24 walikuwa asilimia 3 tu. Watu hao hawakuwa wagonjwa wala wazembe. Walikuwa wanunuzi wa kawaida, kama wewe ukiwa Mwanjelwa.

Wengi wanaolisimulia jaribio hilo huishia hapo, wakahitimisha kwamba dawa ni kupunguza vitu. Mimi siamini hivyo, na utafiti uliofuata unaniunga mkono. Mwaka 2010 watafiti wengine walikusanya majaribio 50 ya aina hiyo na kuyapima kwa pamoja, wakakuta kwamba kwa wastani wingi wa vitu peke yake haukuwa na athari yoyote kubwa: mahali pengine uliwalemea watu, mahali pengine uliwasaidia. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2015 ukaonyesha ni lini hasa wingi unalemea. Unalemea pale ambapo mtu hajui anachokitaka kabla ya kuviona vitu, pale ambapo vitu vyenyewe ni vigumu kulinganishwa kwa kuwa kila kimoja kina uzuri wake, na pale ambapo uamuzi wenyewe unafanywa kwa haraka au katika mazingira magumu. Isome barua yako tena, mwanangu, utaona kwamba hali hizo zote zimo.

Tuanze na mchele. Umeeleza kwa kina unavyoutafuna na kuunusa, lakini hukuandika popote kwamba uliondoka nyumbani ukijua unataka mchele wa kufanyia nini. Mtazame mama lishe anayenunua mchele palepale sokoni. Anaulizia wa zamani, kwa sababu unaongezeka sufuriani na kuchambuka, na mpya ukizidishiwa maji kidogo tu unashikana. Anajua bei ambayo hawezi kuivuka bila kula hasara, anatafuna punje mbili tatu, anapima, anaondoka. Kwake, wingi wa wauzaji ni neema, kwa maana asipoupata kwa huyu ataupata kwa yule. Wewe unafika bila jibu lolote kichwani, ndiyo maana kila gunia lililofunguliwa linakuuliza swali jipya. Amua ukiwa jikoni kwako: ni wa kula siku za kawaida au wa wageni, ni kilo ngapi, na bei isizidi kiasi gani. Mchele wa kwanza utakaotimiza hayo matatu, nunua. Usipande gari kwenda Soweto kutafuta unafuu wa shilingi mia kwa kilo, kwa kuwa nauli ya kwenda na kurudi huenda ikaula unafuu huo, na jioni yako na watoto nayo ina thamani.

Najua moyo wako utasema, "Lakini huenda kuna mzuri zaidi." Bila shaka upo. Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, aliandika tangu mwaka 1956 kwamba kiumbe mwenye muda mdogo na taarifa pungufu hawezi kukipata kilicho bora kuliko vyote katika kila jambo, na kwamba njia yake ya kuishi ni kuweka kiwango kinachomtosha, kisha kuacha kutafuta mara tu anapokipata kinachofikia kiwango hicho. Kuweka kiwango si kuchukua chochote. Hapo ndipo ninapotofautiana na mume wako, na nitarudi kwake baadaye. Kiwango chako kinaweza kuwa cha juu kabisa ukitaka, ilimradi kiwe kimewekwa kabla ya kufika mbele ya muuzaji, na kisipandishwe kila unapoona kitu kipya.

Kifurushi cha simu hakistahili hata dakika tano zako. Chagua kimoja unachokimudu, kinunue hichohicho mwezi mzima, na ukiona hakikutoshi badilisha mwezi unaofuata.

La kitenge ni zito kidogo, kwa sababu limegusa watu. Wenzako hawakukuomba uwaletee soko zima kwenye simu zao. Walikupa kazi ya kuchuja, na ulipotuma picha zote uliirudisha kazi hiyo kwao, kila mmoja akabaki na mzigo uleule unaokushinda wewe. Wakikutuma tena, waulize kwanza mambo machache: bei ya juu kabisa ambayo kila mwanachama anaimudu, rangi isiyotakiwa, na tarehe ambayo fundi anahitaji kitambaa. Hakikisha muuzaji anacho cha kuwatosha wote, kwa maana vitenge vizuri huisha haraka na mzigo mwingine ukija huenda usiwe na maua yale. Kisha tuma picha tatu tu, waeleze kwamba kura zinafungwa kesho jioni, na kitakachopata kura nyingi ndicho. Atakayenung'unika atanung'unika kidogo, lakini sare itakuwapo. Na hao wanaokusalimu shingo upande wafuate mmoja mmoja, uwaeleze kwamba ulitaka kumpendeza kila mtu. Nina hakika wengi watakuelewa.

Sasa nije kwenye shamba, ambalo kwangu ndilo kiini cha barua yako. Hapa siwezi kukuambia uchague upesi tu, kwa sababu mbegu si mchele. Ukikosea mchele utaula mpaka uishe, kisha utanunua mwingine. Ukikosea mbegu utasubiri mwaka, kwa kuwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Uangalifu wako wote, ule unaoumaliza kwenye vifurushi na bei za mchele, ulipaswa kuletwa hapa. Tena uletwe mapema, mwezi wa tisa au wa kumi, wakati mawingu hayajakusanyika na wenye maduka wana nafasi ya kujibu maswali.

Swali la kwanza ni mwinuko wa shamba lako. Kyela iko karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Uyole iko takribani mita 1,800. Baridi huchelewesha mahindi, kwa hiyo mbegu inayokomaa upesi kule Kyela haitatumia siku zilezile huku kwetu, na mbegu iliyofanyiwa kazi kwa ajili ya joto haiwezi kukupa mavuno yake kamili. Mwambie muuzaji kabla hajafungua mdomo: "Shamba langu liko Uyole, nionyeshe za nyanda za juu tu." Utashangaa rafu itakavyopungua. Kumbuka pia kwamba unaishi jirani na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, kinachozalisha mbegu kwa ajili ya ukanda huuhuu. UH615 na UH6303 zimetoka hapo, na ukienda kuuliza wataalamu wake au afisa ugani wa kata yako hutauziwa maneno, kwa kuwa hawaishi kwa faida ya mfuko mmoja mmoja.

Swali la pili ni lini utapanda. Ukiwahi mvua za kwanza, mbegu inayochelewa kukomaa itakuwa na muda wa kutosha na kwa kawaida ndiyo huzaa zaidi huku juu. Ukiona utachelewa, kwa mfano kwa sababu ya trekta au vibarua, chukua inayokomaa mapema, kwa kuwa mbegu ya kuchelewa iliyopandwa nje ya wakati hukatwa na kiangazi kabla mahindi hayajajaa. La tatu si la kulinganisha, ni la kukagua: mfuko uwe haujafunguliwa, uwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na muda wake uwe haujapita. Usiokuwa na hayo urudishe hata kama bei yake inavutia.

Ukishauliza hayo, mifuko itakayobaki mbele yako ni michache, na yote inakufaa. Tofauti iliyobaki kati yao ni ndogo kuliko hasara ya kuchelewa kupanda, ambayo msimu uliopita umeiona kwa macho yako. Hapo muulize jirani aliyevuna vizuri alipanda ipi, uchukue hiyo. Kama hofu bado ipo, una ekari mbili: panda mbegu moja huku na nyingine kule, uziandike, ulinganishe wakati wa kuvuna. Mwakani utakuwa unachagua kwa kumbukumbu ya shamba lako mwenyewe badala ya sifa za muuzaji. Utahitaji kama kilo 10 kwa ekari, yaani mifuko mitano ya kilo mbili kwa kila ekari.

Na ukishanunua, chochote kile, acha kuulizia bei kwingine. Mwaka 2002 watafiti Daniel Gilbert na Jane Ebert walichapisha jaribio ambamo wanafunzi waliopiga picha waliruhusiwa kubaki na moja tu. Walioambiwa wanaweza kubadilisha baadaye waliishia kuipenda picha yao kidogo kuliko wale walioambiwa kwamba wakishachagua imetoka. Moyo huanza kukipenda kitu pale mlango wa kukirudisha unapofungwa. Wewe mlango huo umeuacha wazi kwa kila kitu, mpaka kwa mchele uliokwisha kupikwa.

Umeniuliza kama huu ni ugonjwa. Kwa ulivyoeleza, sioni ugonjwa. Lakini hukusema lolote kuhusu usingizi na kazi yako. Ikiwa hofu ya kukosea inakunyima usingizi, inakufanya urudie kukagua jambo lililokwisha, au inakuzuia kufanya kazi ofisini, usione haya kumwona daktari. Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo jijini ina wataalamu wa afya ya akili, na kuzungumza nao ni jambo la kawaida kama kupima shinikizo la damu.

Kuhusu mume wako, usimjibu kwa methali nyingine. Tafuta saa ambayo watoto wamelala, umwambie ulichoniandikia mimi, kwamba unaposimama muda mrefu mbele ya bidhaa unakuwa unaogopa kupoteza fedha yenu, na kwamba kukuambia vile mbele ya watoto kunakufanya uogope zaidi. Nadhani halijui hilo. Yeye anaona kuchelewa, haoni sababu. Mwambie pia kwamba ana haki ya kukasirikia shamba, kwa kuwa mazao yale yalikuwa ya nyumba nzima, lakini kwamba ushauri wake wa kuchukua chochote ndio ungeweza kuwaletea mbegu ya Kyela kwenye baridi ya Uyole.

Kisha mwombe mgawane. Yeye achukue vifurushi, fundi na matengenezo ya nyumba. Wewe uchukue chakula na nguo za watoto. Mbegu mkae nayo pamoja, jioni moja mwezi wa kumi, na karatasi yenye mwinuko wa shamba, tarehe mnayotarajia kupanda na fedha mliyoitenga. Mkubaliane kwamba aliyepewa kuchagua akishachagua, mwenzake hataulizia duka la pili. Mbegu ikishapatikana iwekeni mahali pakavu, mbali na mbolea, mkiisubiri mvua.